Kivuli cha Sista

Chochote ukimwachia Bonifasia Kapinga akutunzie, utarudishiwa kikiwa kimerekebishwa. Ukimwazima jembe, litarudi na mpini mpya, mrefu kuliko ulivyozoea. Ukimwachia kuku, utamkuta amepunguzwa mabawa. Jirani mmoja alimwachia mpera wake alipokwenda Songea kutibiwa. Aliporudi alikuta matawi yote ya chini yamekatwa kwa sababu, kama Bonifasia alivyoeleza, mti usiopogolewa ni sawa na mtoto asiyefunzwa. Mwaka uliofuata mpera ule ulizaa mpaka mapera yakaoza chini, jambo ambalo halikumfundisha Bonifasia kuuliza kwanza.

Kazi yake ni kutunza kitalu cha miche ya kahawa cha kikundi, katika kijiji kilichokaa juu ya mji wa Mbinga, mahali ambapo mashimo ya ngoro, yanayochimbwa mashambani ili maji yasibebe udongo, yamejipanga mlimani kama macho ya sega la nyuki. Ameifanya kazi hiyo tangu alipokuwa msichana, na mibuni mingi utakayoiona mabondeni huko ilianza maisha yake ndani ya kiriba kilichojazwa udongo kwa mikono yake. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Mume wake alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mwanawe Kilian anaendesha malori huko Makambako. Kwa hiyo nyumbani yuko peke yake, na peke yake hana kitu cha kurekebisha.

Mwishoni mwa Agosti mdogo wake, Eliza, alipanda kutoka Liuli akiwa na ndoo nyeusi ya rangi mapajani, imefunikwa kwa kitenge kizito. Eliza aliolewa ziwani na Mwanglikana, fundi Hamphrey, na kwa miaka yote hiyo dada yake anapenda kumkumbusha kwamba alishuka mlimani kwa ndoa na kwa dini pia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na rangi? Kuta zangu hazijakulalamikia."

"Hakuna rangi humu. Kaa kwanza."

Eliza alieleza. Binti yake Gertrude, aliyeko Dar es Salaam, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama ndiye wa kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Angekaa huko mpaka karibu na Krismasi. Lakini nyumbani alikuwa na kiumbe ambacho hangeweza kumwachia Hamphrey.

"Kwa nini? Shemeji yangu ana mikono miwili."

"Ana taa mia," Eliza alisema. "Akiwasha moja anawasha zote. Anasema taa haijaribiwi ikiwa peke yake."

Hilo Bonifasia alilijua. Hamphrey anatengeneza taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Asubuhi, mchana, jioni, mle ndani huwaka kama kuna harusi. Bonifasia akanyoosha mkono kufunua kitenge. Eliza akauchapa ule mkono.

"Taratibu! Funga dirisha kwanza."

Dirisha likafungwa, mlango ukarudishwa. Katika mwanga hafifu uliopenya chini ya mlango, Eliza alivuta kitenge, akaondoa kipande cha chandarua kilichofungwa juu ya ndoo. Ndani mlikuwa na magome ya mti yamesimamishwa, kifuniko cha chupa chenye maji, na juu ya gome moja, mjusi kafiri mweupe. Weupe wake ulikuwa wa unga wa sembe. Ungeweza kuona damu ikipita kooni mwake, na macho yake yalikuwa na wekundu wa tunda la buni linapoanza tu kuiva. Hakuwa ametiwa rangi na mtu yeyote; alizaliwa hana rangi, kama inavyotokea mara moja moja kwa wanyama.

"Mama yangu!" Bonifasia alisema kwa kunong'ona, yeye ambaye hanong'oni.

"Anaitwa Sista."

"Nani?"

"Si unaona alivyovaa?"

"Eliza! Mjusi kafiri, halafu unamwita Sista? Padri akisikia?"

"Atasikia kwako. Mimi kwetu ni Waanglikana."

Eliza alimpata katika karakana. Kila taa za Hamphrey zilipovuta wadudu, mijusi wa kijivu walijaa ukutani na kula mpaka matumbo yakaburura. Huyu mweupe alibaki nyuma ya rafu, akitoa kichwa na kukirudisha. Chakula kilikuwa pale pale kwenye mwanga, na mwanga ndio uliokuwa unamfukuza. Taa zilipozimwa na yeye akatoka, wenzake walikuwa wameshamaliza. Alikuwa mwembamba kama uzi Eliza alipomkamata kwa kikombe.

"Jua likikupiga wewe unafumba macho," Eliza alisema. "Yeye hana kope. Hawezi kufumba. Anajilamba macho tu kwa ulimi, basi. Ukimweka kwenye mwanga ni sawa na kumshika mtu kichwa na kumlazimisha alitazame jua. Kwa hiyo kivuli, dada. Kivuli kizito kila siku. Wadudu wadogo jioni, na umnyunyizie maji kwenye ukuta wa ndoo, hupenda kulamba matone."

"Unanifundisha mimi kivuli?" Bonifasia aliuliza. "Mimi?"

"Najua unajua kivuli. Ndiyo maana nimekuja kwako." Eliza akaweka mkono juu ya mkono wa dada yake. "Ila huyu usimrekebishe. Nirudishie akiwa hai na alivyo. Hilo tu."

"Nimewahi kumrekebisha nani?"

Eliza alitazama dirisha lililofungwa, upande uliko ule mpera.

Ilikuwa ni mara ya kwanza, tangu wawe watu wazima, kwa Eliza kumwachia dada yake kitu anachokipenda. Bonifasia hakulisema hilo kwa mtu yeyote, lakini alilijua, na siku nzima ile aliibeba ndoo kwa mikono miwili hata pale ambapo mmoja ungetosha.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya furaha tupu. Mchana aliiweka ndoo kitaluni, chini ya kichanja cha kuikinga miche na jua, mahali kilipoezekwa nyasi nene zaidi, ikiwa bado imevishwa kitenge chake, ili awe karibu nayo akijaza viriba. Jioni aliirudisha nyumbani, akawasha taa ya barazani na kukamata nondo waliozunguka balbu. Halafu aliingia nao chumbani kwenye giza, akiwa amewafumbata kwa viganja. Alikuwa anakwenda kwenye mwanga kwa niaba ya yule asiyeweza kwenda. Kazi hiyo ilimpendeza kupita alivyotarajia.

Alijifunza kutambua mlio mdogo wa taya zikifunga juu ya nondo. Alijifunza kunyunyiza maji kwa kinyunyizio cha kitaluni mpaka yatengeneze matone yasiyotiririka. Kwanza alikataa kabisa kulitaja lile jina. "Mgeni amekula?" alijiuliza kwa sauti. "Mgeni amekunywa." Lakini alimwimbia nyimbo za misa, sauti ya pili peke yake, na mjusi alisimama juu ya gome akajilamba jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Mama Kilian," alisema Sixbert, mwenzake wa kitaluni, mtu mrefu mwenye mdomo mwepesi, "unamwimbia Kiumbe wa Bwana au unamtisha?"

"Nenda kamwagilie, Sixbert."

"Nakwenda. Lakini ukifika kwenye ile aleluya ya juu, mfunike masikio."

Kisha Oktoba ikaingia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Anayelima kahawa anajua Oktoba ni mwezi gani. Miche iliyoanza maisha chini ya kivuli kizito haiwezi kutolewa kwenye kivuli hicho na kupelekwa moja kwa moja shambani. Jua litaiunguza, majani yatakuwa kama karatasi iliyopita motoni. Kwa hiyo mtunza kitalu hupunguza nyasi za kichanja kidogo kidogo. Leo hutoa konzi chache hapa, juma lijalo konzi chache pale, mpaka mvua za Desemba zinapofika, miche imezoea kutazamana na jua. Kazi hii huitwa kukomaza. Mche usiokomazwa hufa shambani, na lawama humwangukia aliyeudekeza.

Siku moja Bonifasia alikuwa amesimama juu ya kigoda akipunguza nyasi, akitazama jua likiangukia majani ya miche kwa vidoa vidogo vidogo. Akatazama ndoo nyeusi iliyofungwa kitenge. Wazo likamjia, na kwa bahati mbaya lilimjia likiwa limevaa sura ya hekima.

Eliza amemdekeza, aliwaza. Alimtoa kwenye taa akamtia gizani moja kwa moja. Nani amewahi kumzoesha huyu mjusi kidogo kidogo? Hakuna. Je, kama angerudi Liuli akiwa amekomaa? Eliza afike Krismasi, afunue ndoo mchana kweupe, na Sista awe amekaa juu ya gome akitazama dunia kama mjusi mwingine yeyote. Aweze kwenda kwenye taa za Hamphrey akale na wenzake. Hiyo ingekuwa zawadi gani!

Akaona hilo si kurekebisha. Hilo ni kutunza.

Juma lile aliondoa kitenge kizito akaweka khanga. Juma lililofuata aliikunja khanga nusu. Halafu aliisogeza ndoo kutoka kwenye nyasi nene mpaka kwenye nyasi chache, pamoja na miche, akafurahi kuona kwamba sasa kila kitu kitaluni kinakwenda kwa mpango mmoja.

Mjusi aliupa mwanga mgongo. Aliingiza kichwa kwenye pembe ya gome na kuacha mkia nje, na aliposhindwa kujificha, mboni zake zilibana mpaka zikawa nyufa zisizoingiza hata unywele. Jioni nondo walipoletwa, hakuwalenga vizuri. Alirusha kichwa, akakosa, akarusha tena, akakosa, kisha akaacha. Bonifasia alijiambia kwamba hata mche ukipunguziwa kivuli hunyauka siku za mwanzo, halafu hunyanyua majani. Aliusubiri ule mnyanyuko.

Wakati huo huo simu ikaja kutoka Dar es Salaam. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, mnene, na Eliza alikuwa anazungumza kwa haraka kama mtu anayekimbia.

"Mjukuu wangu huyu, dada, ana sauti yako! Analia mpaka mtaa wa pili. Sista hajambo?"

"Hajambo. Anakomaa vizuri."

"Anakomaa? Anakomaaje?"

"Anakua. Nimesema anakua."

"Umesema anakomaa. Hebu washa video nimwone."

"Kuna giza."

"Si uwashe taa?"

"Wewe!" Bonifasia alifoka, akishukuru kwa kupata pa kushika. "Wewe mwenyewe ulisema asiwashiwe taa! Leo unataka nimmulike usoni kwa sababu ya video? Huna huruma?"

Upande wa pili Eliza akacheka. "Haya, dada. Umenishinda. Wewe ndiye mtunzaji." Akakata simu akiwa na furaha, na kicheko chake kikabaki sikioni mwa Bonifasia kama mdudu aliyeingia na hataki kutoka.

Baada ya hapo mjusi akaanza kujivua ngozi. Mjusi mwenye afya hujivua kwa muda mfupi na kuila ngozi yenyewe, lakini huyu alikuwa hana nguvu. Ngozi ilitoka mgongoni vipande vipande, na kwenye vidole ikabaki imekaza kama uzi uliofungwa. Mkia wake, uliokuwa mnene kama kidole cha mtoto, ulikuwa umesinyaa. Bonifasia alikaa kitaluni na ndoo mapajani, kama Eliza alivyokuja nayo, na hakuimba.

Sixbert alipita na keni ya kumwagilia, akasimama.

"Leo kwaya imefungwa?"

"Mgeni hali chakula. Nimemkomaza kwa utaratibu, Sixbert. Kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Sijaruka hatua hata moja. Lakini hanyanyuki."

Sixbert alichungulia ndoo, akatazama miche iliyopangwa kwenye mstari, akatazama tena ndoo. Uso wake ukaanza kujaa kicheko alichokuwa akikizuia kwa sababu ya heshima.

"Mama Kilian, samahani. Hii miche tunaikomaza kwa sababu Desemba tunakwenda kuipanda juani."

"Ndiyo."

"Sasa huyu unamkomaza ili ukampande wapi?"

Aliuliza kwa mzaha tu, akaenda zake na keni yake akicheka peke yake. Hakuona kwamba nyuma yake Bonifasia amegeuka kuitazama miche, kisha ndoo.

Ampande wapi? Hapakuwa na shamba lolote lililomngoja Sista. Nyumbani kwake kulikuwa ni ndani ya ndoo ile, kwenye kona ya giza kwa Eliza, na ndiko alikokuwa akirudi. Mche una maisha mawili, moja la kivulini na jingine la juani, na mtunzaji ni wa kuuvusha tu kutoka hili kwenda lile. Huyu alikuwa na maisha mamoja. Kivuli kwake hakikuwa utoto wa kuvuka. Kilikuwa ni nchi yake. Kumkomaza ilikuwa ni sawa na kukomaza uyoga.

"Sista," Bonifasia alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lile. "Sista, nisamehe."

Hakungoja jioni. Aliifunga ndoo kwa kitenge, akaongeza khanga, akaongeza na koti lake la kitaluni, akaibeba mpaka nyumbani akipita njia ya nyuma, chini ya migomba. Aliiweka katika chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambamo huhifadhi viazi vya mbegu. Akalowesha kitambaa laini kwa maji ya uvuguvugu, akakikamua, akakikunja chini ya gome ili mjusi alale juu ya unyevu na ngozi ile ngumu ilainike. Alitamani sana kuishika na kuivuta. Mikono yake yote miwili ilitamani. Aliikalia.

Kulipoanza kuingia giza la jioni alileta nondo mdogo, akiwa amempunguza mabawa asiruke mbali. Hakumtupa ndooni. Alimshika kwa mabua mawili ya nyasi, akamsogeza karibu na gome, akangoja. Mjusi hakutoka. Kesho yake hakutoka. Kesho kutwa pua nyeupe ilitokeza, ikasimama, ulimi ukapita juu ya jicho moja, ukapita juu ya la pili, halafu ghafla, tap! Nondo akawa hayupo.

Bonifasia alipiga kigelegele.

Sixbert, aliyekuwa anapita barabarani kutoka kitaluni, aliingia uani mbio na fimbo mkononi. "Nyoka yuko wapi?"

"Amekula!"

"Nyoka amekula nini?"

"Sista! Sista amekula!"

Sixbert aliiteremsha fimbo. "Basi nami nipe chai," alisema, "maana nimekimbia kwa ajili ya mjusi."

Tangu hapo mambo yakaanza kupanda. Mvua za kwanza zilileta kumbikumbi, na kijiji kizima kikawa na furaha ya ndoo na masufuria. Bonifasia aliokota wake, akakaanga wengi, akabakiza wachache wadogo kwa ajili ya chumba cha ndani. Mkia wa Sista ukajaa tena. Ngozi ikatoka vidoleni isipokuwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Hicho kilikauka nchani na kudondoka, na Bonifasia alikiona kipande kile kidogo kama kichwa cha pini kwenye kitambaa, akakitazama kwa muda mrefu.

Kisha jioni moja, katika mwanga ule hafifu wa chini ya mlango, Sista alipopanda ukuta wa ndoo, Bonifasia aliona kitu tumboni mwake. Kupitia ngozi ile nyembamba yalionekana mayai mawili, moja kila upande, kama punje za maharage meupe.

Aliwahi kutunza siri katika maisha yake, lakini hii haikuwa moja kati ya hizo. Kesho yake kitalu kizima kilijua.

"Sista ana mimba!" Sixbert alishika kichwa. "Mama Kilian, hii habari tuipeleke kwa padri au kwa askofu moja kwa moja?"

"Nyamaza, mtu wewe."

"Mimi nimenyamaza. Baba wa watoto ndiye anyamaze. Yuko wapi?"

Kwa simu, Eliza alipomaliza kupiga kelele za furaha zilizomwamsha mjukuu, alikumbuka kwamba kabla ya safari alikuta mjusi dume wa kijivu amejipenyeza ndooni, akamwacha kwa siku kadhaa kwa kumwonea huruma. Jike wa mjusi wa aina hii anaweza kuhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa miezi kabla ya kutaga. Ndivyo maumbile yalivyompa akiba. Katikati ya Novemba mayai yalikuwa yameshatagwa nyuma ya gome, mawili, magumu, meupe kama mama yao.

Eliza alifika siku chache kabla ya Krismasi, akiwa amechoka kwa basi na amenenepa kwa furaha. Alimsalimia dada yake, akapokea maji, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha ndani. Bonifasia alisimama mbele ya mlango.

"Kabla hujafungua. Nilimkomaza."

"Nini?"

"Nilimpunguzia kivuli kama mche. Nilitaka akutazame mchana. Aliacha kula. Nilipokuambia hajambo, alikuwa mgonjwa. Nilimrudisha kivulini, amepona, lakini amepoteza ncha ya kidole. Uliniambia nikurudishie alivyo. Sijakurudishia alivyo."

Alisema yote hayo kwa pumzi moja, kwa sauti yake ile kubwa, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Eliza alimpita. Akaingia, akarudisha mlango, akakaa mle gizani. Bonifasia alibaki nje akisikiliza, na hakuna alichosikia, akaanza kunyoosha pindo la pazia ambalo halikuwa limepinda.

Mlango ukafunguka.

"Kidole kimoja," Eliza alisema. "Cha nyuma. Ncha tu."

"Ndiyo."

"Mpera wa watu ulipoteza matawi mangapi?"

Bonifasia alimtazama usoni na kuona mdomo unatetemeka, na ilimchukua muda kuelewa kwamba ni kicheko. Kisha kikawatoka wote wawili, wakashikana mabega wakacheka mpaka wakakaa chini sakafuni, wanawake wawili wenye mjukuu, kama zamani walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

"Umeniambia mwenyewe," Eliza alisema akijifuta macho. "Jembe langu ulilolibadilisha mpini hujawahi kuniambia."

"Lile jembe lilikuwa fupi."

"Dada!"

Ilibaki kazi ya kusafiri. Eliza alitaka kuteremka Liuli kesho yake, lakini Gertrude alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mayai ya mjusi hayageuzwi wala kutikiswa, na barabara ya kwenda ziwani, hata ikiwa ya lami, ina kona za kutosha kugeuza chochote. Kwa hiyo Eliza akabaki. Hamphrey alipopigiwa simu alinuna kwa muda mfupi, halafu akapanda mlimani mwenyewe, na kwa kuwa hajui kusafiri bila taa, akaja na mojawapo kwenye begi. Krismasi ile alikaa kanisani kwa Wakatoliki, kwenye benchi la mbele, akiimba nyimbo anazozijua kwa maneno ya kwao, na Bonifasia akaimba sauti ya pili kwa nguvu zaidi ili kumrekebisha.

Mayai yalianguliwa mwaka mpya ukiwa mchanga. Jioni hiyo walikuwa barazani wanakunywa chai, Hamphrey amewasha taa yake ili waone sukari, alivyodai, nayo iliangaza mpaka kwa majirani. Eliza ndiye aliyewaona kwanza. Walikuwa wameteleza kwenye matundu ya chandarua, wakapita chini ya mlango, wakaja kwa ukuta: wawili, wadogo kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa nusu, na wote wawili wa kijivu.

"Si weupe," Eliza alinong'ona.

"Wamechukua kwa baba," alisema Hamphrey. "Wanakuja kwangu. Tazama!"

Kweli walikuwa wanakwenda kwenye taa. Walipita kutoka gizani kuingia kwenye mwanga bila kusita, macho wazi, na yule wa mbele akamrukia mbu na kumpata. Hamphrey alipiga makofi kama mtu aliyeona goli. Yule wa pili alipinda, akaelekea mahali ambapo ukuta una ufa.

"Shemeji," Hamphrey alisema, "huyu wa kushoto anapotea. Msogeze kidogo."

Mkono wa Bonifasia ulikuwa umeshanyanyuka. Ulisimama hewani, ukashuka.

"Mwache," alisema. "Anajua anakokwenda."

Eliza aligeuka kumtazama dada yake kama mtu aliyesikia kengele ya kanisa ikilia Jumatano. Lakini Bonifasia hakumwona. Alikuwa amesimama chini ya taa, akifumbata nondo kwa viganja viwili, taratibu, asimvunje. Kisha akasukuma mlango kwa bega na kuingia nao ndani, kwenye kivuli, akiimba.